Jina Lako Kwenye Simu

Mama Kemunto,

Nimefunga duka mapema leo, nikapanda ngazi hadi kile chumba chetu cha juu, nikakaa karibu na dirisha linaloangalia msikiti. Mapazia niliyokuahidi nimeyatundika, yale ya kijani uliyosema yatawafanya watu wapumue. Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea kuongea, ingawa najua ndoto zako ulikuwa ukiziota kwa Kigusii. Mimi mtoto wa mjini, baba yangu Mnubi na mama yangu wa Tabaka, Kigusii changu ulikuwa ukikicheka mpaka machozi yanakutoka.

Sijui barua kama hii inaanzia wapi. Afya yako siwezi kuiulizia. Acha nianzie pale ulipotuacha.

Ulituacha katikati ya mafunzo. Kile kikundi kipya ulikuwa umekifikisha nusu ya njia. Ulikuwa umewafundisha kukaa kando ya mtu, si mbele yake kama askari anayehoji. Ulikuwa umewafundisha kwamba nguo aliyovaa siku ile iwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hutoa jasho na ushahidi huoza. Na ulikuwa umepiga marufuku "kwa nini" humu ndani. Kwa nini ulipita huko, kwa nini hukupiga mayowe. Ulisema maneno hayo yamewafunga wanawake midomo kuliko kisu. Aliyeteleza akayatamka ulimsimamisha, akasimama hapo akitafuta swali jingine huku wenzake wakimngoja. Na kabla ya maji, kabla ya blanketi, kabla ya hospitali, ulitaka mtu aambiwe kwanza neno moja: nakuamini.

Watu bado hawaielewi kazi hii. Juzi jirani yangu aliniuliza kama sisi ni mawakili. Nikamwambia hapana, sisi ni watetezi, tunatembea na mtu aliyebakwa kutoka hospitali hadi polisi hadi mahakamani ili asiende peke yake. Akanitazama akaniambia, "Ni hilo tu?" Nikasema ndiyo, ni hilo tu. Nilikuona kabisa unavyocheka.

Ijumaa ile ya mwisho ulirudi kutoka Nyamira umelowa hadi sketi. Ulikaa hapa hapa nilipokaa, ukavua viatu, ukasema kichwa kinakugonga. Nilijua ulikwenda kumtafuta Nyanchama. Tulikuwa tukimtafuta tangu watu wa mumewe walipomtoa nyumbani kabla siku ya kutoa ushahidi haijafika, wakasema amekwenda kupumzika kwa shangazi, bila kusema shangazi yupi wala wapi. Kesi ilikuwa inaning'inia hewani. Yule mtu, sitamwandika jina, wewe mwenyewe hukulitaja humu ndani, alikuwa nje kwa dhamana, anauza mabati na misumari dukani kwake kama kawaida, katika duka lile lile lenye ghala alimomshika Nyanchama mchana kweupe. Yeye ni ami wa mume wa Nyanchama. Msichana alitumwa misumari tu.

Nilikuuliza kama umempata. Ukasema, "Rehema, hajaniruhusu bado kukwambia. Jumapili tutaongea."

Jumamosi, Sabato yako, ulikwenda kanisani. Jumapili asubuhi binti yako Kemunto alikuja kukuamsha, na hukuamka. Daktari alisema ni presha.

Nilikasirika na wewe, nikwambie ukweli. Nilikaa mochari nikikukasirikia kwa sababu ulikwenda na siri ya mtu mdomoni, na hivyo ndivyo ulivyotufundisha tufanye.

Tulikuzika Alhamisi. Mvua ilingoja mpaka udongo ulipomalizika kutupwa. Lakini kabla hata mahema hayajang'olewa, maneno yalikuwa yamekwisha kuanza. Baba mkwe wa Nyanchama, kaka wa yule mtu, yule mzee mrefu mwenye fimbo yenye kichwa cha shaba, alisimama sokoni siku ya gulio, watu wakimsikia, akasema kwamba kesi ile imekula mtu mmoja na bado ina njaa. Hakuhitaji kusema zaidi. Unawajua watu wetu. Jioni yake kila mtu alikuwa akisema umelogwa kwa kuingilia mambo ya ukoo usio wako, na wengine, Mungu awasamehe, walisema wewe mwenyewe ndiye ulikuwa omorogi, mchawi, kwa sababu mwanamke gani mwingine huingia nyumba za watu kila penye kilio.

Jumapili iliyofuata nilifika hapa kufundisha. Kizingitini palikuwa na majivu yamemwagwa, na katikati ya majivu manyoya meusi ya kuku yamesimikwa, yamesimama wima kama kitu kilichoota usiku mmoja. Nilikwenda kuchukua ufagio. Nilisema Bismillahi nikafagia, na mkono wangu ukawa baridi hadi kwenye bega, nisijue kama ni hofu au ni nini. Ombati, yule mchongaji wa Tabaka mwenye vumbi la mawe kwenye kucha, alikuwa amesimama nyuma yangu. Alishuka zile ngazi kinyumenyume, hakuupa mlango mgongo, na hajarudi hadi leo. Yule dada anayetoka Masimba alipiga simu kusema mtoto anaumwa. Mwingine hakupiga. Waliobaki walikaa wakitazama mlango zaidi ya walivyonitazama mimi.

Halafu vikaanza viti. Unakumbuka mimi nilivyokuwa nikivipanga kama darasa, mistari, na wewe ukija unavipindua viwili viwili, kila kiti kando ya mwenzake. Kila siku ya mafunzo nikifungua mlango nilivikuta vimekwisha pinduliwa. Sikumuuliza mtu. Niliogopa kuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Nilikaa kwenye kimoja, nikafundisha, nikahisi kama mtu amesimama nyuma ya sikio langu akisikiliza kama nakosea.

Simu ilianza katika wiki ile ya pili. Nilikuwa dukani nampimia mteja kitambaa, ikalia, nikatazama, nikaona jina lako. Mama Kemunto. Namba yako nilikuwa sijaifuta. Nani hufuta? Ilikuwa ile simu yako ndogo ya kazi, ile kabambe ya vibonyezo, ambayo haikuonekana baada ya kifo chako, Kemunto akadhani imeibwa hospitalini kwenye vurugu. Nilipokea. Pumzi. Pumzi tu, fupi fupi, kama za mtu aliyepanda mlima. Kisha ikakatika. Nilipopiga, yule mwanamke wa mtandao akaniambia mteja hapatikani. Mteja wangu aliniuliza kama nimepata habari mbaya. Nilimkatia kitambaa kifupi kuliko alichotaka, ikabidi nimkatie kingine.

Sikumwambia mtu. Mama yangu angenipeleka kwa mwalimu wa madrasa kusomewa dua, na wanafunzi waliobaki wangemalizika.

Lakini ikalia tena darasani. Ilikuwa mchana wa jua kali, mapazia yamefunguliwa, simu yangu iko juu ya meza mbele ya wote. Tulikuwa kwenye zoezi lile la kukaa na mtu asiyetaka kusema. Jina lako likatokea kwenye kioo, kubwa, na simu ikawa inatetemeka na kujisogeza yenyewe kuelekea ukingo wa meza. Waliokuwa karibu walilisoma. Nilisikia mtu mmoja akianza kusali kwa Kigusii chini chini. Hakuna aliyesogea.

Teresia ndiye aliyesema. Utamkumbuka, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Suneka, ambaye tangu mwanzo alikaa kona ile akiandika na hakuuliza chochote, hata ukaniambia hujui kama anatuelewa. Alisema polepole, "Mwalimu, kama ingekuwa namba nyingine, mtu apige na asiseme, tungefanya nini?"

Nikapokea. Nikaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Nikasema yale tuliyofundishana: "Nipo hapa. Si lazima useme. Sikati."

Tulisikiliza. Pumzi zilikuwa pale, fupi fupi. Nyuma yake mvua ilikuwa ikipiga mabati, mvua nzito ya milimani, na hapa kwetu jua lilikuwa limelala sakafuni bila hata kivuli cha wingu. Sijawahi kusikia kitu kilichoniweka mbali na hapa nilipo kama ile mvua. Tulikaa hivyo muda ambao siwezi kuupima. Mmoja alianza kulia, Teresia akamwekea mkono mezani karibu, bila kumgusa. Nilikuwa nikirudia kila mara, nipo, sikati.

Kisha sauti ikasema, ndogo, kama inatoka chini ya blanketi, "Alisema atarudi."

Ikakatika.

Nitakueleza nilichohisi maana wewe hukuwahi kunicheka kwa kuogopa. Nilihisi nywele zinasimama hadi chini ya mtandio. Haikuwa sauti yako. Lakini "atarudi" ilitamkwa kama unavyoitamka wewe, kwa kuivuta mwishoni, na kwa kitambo kidogo sikujua ni nani anayemsubiri nani, na kutoka wapi.

Walipoondoka, Teresia alibaki akipindua viti. Nikamtazama. Akasema huwa anakuja mapema kila siku, anaomba ufunguo kwa mama yangu dukani, anavipanga kama wewe ulivyovipanga kwa sababu anasahau mafunzo asipokaa hivyo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akasubiri nicheke nimalize, kisha akasema, "Na huyo wa simu, Mwalimu, ni mtu aliyeachiwa simu."

Hapo ndipo nilipoiona ile Ijumaa yako yote. Ulikuwa umempata. Walikuwa wamemnyang'anya simu, ukampa yako, ukamwambia utarudi. Na hukuniambia kwa sababu hakuwa amekuruhusu.

Alipiga tena kesho yake. Safari hii alisema maneno zaidi: kwamba simu huizima ili isimalize chaji, kwamba namba yangu ndiyo ilikuwa juu kabisa ya namba ulizopiga, kwamba mara nyingi anataka kusema lakini koo linafunga. Nilimuuliza kama yuko salama. Nilimuuliza kama angependa tuje. Akasema, "Njooni asubuhi."

Tulikwenda na Teresia kwa probox ya shemeji yake. Huko juu unakujua, yale mashamba ya chai yanayopakana na mikaratusi, ukungu mzito hata taa za gari hazioni. Tuliteremka tukatembea. Wachumaji walikuwa kazini, na kwa sababu ya ukungu tuliona vichwa tu na vikapu vya mgongoni, vinaelea juu ya chai bila miili. Hakuna aliyetusalimia. Vichwa viligeuka, vikatutazama, vikageuka tena. Shangazi mwenye boma alikuwa bibi mfupi aliyejifunga leso kiunoni. Nilimwamkia, "Bwakire," akaitikia, kisha akasema kwa sauti kubwa, kama anayetaka majirani wasikie, kwamba macho yake mabovu, haoni wageni siku hizi. Akaingia jikoni akafunga mlango, sisi tukabaki nje. Nampenda yule bibi.

Nyanchama alikuwa mwisho wa mstari, karibu na mpaka. Amekonda. Tulikaa kwenye nyasi, mimi kando yake upande mmoja, Teresia mbali kidogo. Na hapo nikawa na kazi niliyoiogopa kuliko majivu na manyoya. Ulitufundisha tusimdanganye manusura hata kwa huruma. Nilijua nikimwambia, huenda akanyamaza tena na kesi ikafa. Nilijua nisipomwambia, nitakuwa mwingine katika wale waliomficha mambo.

Nikamwambia. "Nyanchama, Mama Kemunto amefariki. Tumemzika."

Hakulia. Aliniuliza kama ilikuwa kabla ya ile mvua ya mawe au baada. Mvua ile kila mtu huko juu anaikumbuka, ilichana majani yote, kiwanda kikakaa siku kadhaa bila kazi. Nikamwambia kabla, zaidi ya wiki.

Akavua kikapu mgongoni akakiweka chini. Akasema, "Basi aliyekuja ni nani?"

Akatusimulia, kwa Kigusii, akaacha, akaendelea. Asubuhi baada ya mvua ya mawe hakuna aliyechuma. Yeye alitoka kutazama uharibifu kwa sababu nyumba ilimbana. Ukungu ulikuwa kama wa siku hii. Alikuona umesimama pale mpakani, kwenye mikaratusi, na lile sweta lako la kijivu lenye kifungo kilichokatika. Alifurahi. Alijua umerudi kama ulivyosema. Hukuvuka mpaka. Ulimtazama, ukasema neno moja, "Piga." Kisha akaona huna viatu, na miguu yako imevimba, na akaingiwa na huruma akakimbilia ndani kukuletea ndara za akala za shangazi. Alipotoka nazo hapakuwa na mtu, na majani yaliyoanguka pale hayakuwa yamekanyagwa.

Mama Kemunto. Ni mimi na Kemunto tuliokuvisha. Hatukumwita mtu mwingine. Viatu vyako vyeusi vya kanisani vilikataa kuingia kwenye miguu iliyovimba, tulijaribu kwa upole, kisha tukaacha, tukakufunika vizuri, tukakubaliana tusimwambie yeyote kwa sababu watu wa kwenu wangesema tumekupeleka kama maskini. Jeneza lilifungwa. Hata Teresia hakujua.

Huko milimani wangesema ni ebirecha, wafu waliorudi kudai kitu. Mama yangu angesema ni shetani aliyevaa sura yako. Mtu wa hospitali angesema msichana ameumia, hapati usingizi, anaona anachokitamani. Yote hayo yalinipita kichwani nikiwa nimekaa pale na unyevu unaniingia kwenye viatu. Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Nyanchama alikuwa akinitazama mdomo, anangoja. Nikakumbuka alichotueleza siku ya kwanza hospitalini, wewe ukimshikia kikombe: kwamba alipomwambia mama mkwe wake jambo la ghalani, mama mkwe alimwambia ameota.

Nikasema, "Nakuamini."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti hadi vichwa vyote vya shambani viligeuka, na safari hii viliendelea kutazama. Teresia aligeuka pia, akatazama ile mikaratusi, akaendelea kuitazama mpaka tulipoondoka. Sijamuuliza aliona nini. Hajaniambia.

Hatukumwambia aje mahakamani. Tulimweleza siku, tukamweleza kwamba askari wa kike wa dawati la jinsia yuko tayari kumfuata, tukamweleza kwamba akiamua kutokuja hatutamwona mbaya. Tukashuka mlima. Baada ya siku chache akapiga. Akasema atakuja, lakini asifuatwe na gari la polisi mpaka kwa bibi, kwa sababu bibi ataendelea kuishi pale. Atateremka mwenyewe hadi barabarani.

Siku ya kesi hakimu aliwatoa watu wote nje, kama inavyofanywa kesi za namna hii. Aliruhusu mtu mmoja wa kukaa karibu na shahidi, mtu atakayechaguliwa na shahidi mwenyewe. Tulikuwa kwenye korido, nami nilikwisha simama. Nyanchama akamchagua Teresia. Nilikaa chini tena, na baada ya uchungu mdogo wa moyo nikafurahi, maana mtu uliyesema hujui kama anatuelewa ndiye aliyechaguliwa.

Nilingoja hapo hapo. Baba mkwe naye alikuwa pale, mkabala na mlango, mikono yote miwili juu ya fimbo. Alikuwa amewatazama wakiingia. Alikuja akasimama karibu nami, na nilijiandaa kusikia matusi. Akaniuliza huyo aliyeingia na mke wa mwanawe ni nani. Nikamwambia ni Teresia, mwalimu.

"Na yule mwingine?"

Nikauliza mwingine yupi.

"Yule mama wa nyuma," akasema. "Wa sweta."

Nilimtazama. Hakuwa akinitania wala kunitisha. Mdomo wake wa chini ulikuwa ukicheza kama wa mtoto. Nilitazama mlango, mlango ulikuwa umefungwa. Sikumjibu kwa sababu, nisamehe, nilitaka akae na swali lake. Alisimama kidogo. Kisha akaondoka kando kando ya ukuta, fimbo ameibana kwapani badala ya kuigonga chini, na hakuonekana tena mahakamani hadi kesi ilipokwisha. Sokoni pia wanasema hazungumzi tena habari ya njaa ya kesi. Wanasema siku hizi hufunga milango kabla ukungu haujashuka.

Nilimuuliza Teresia baadaye. Akasema walikuwa wawili tu, yeye na Nyanchama. Akafikiri. Akasema benchi lilikuwa la baridi sana upande mmoja.

Lakini nataka ujue hasa lililotokea mle ndani, maana hilo ndilo ulilolipigania. Nyanchama alisimama akasema kwa Kigusii, mkalimani akafasiri. Alisema yote. Wakili wa yule mtu alimuuliza, na unajua alichomuuliza, kwa nini hukupiga mayowe. Teresia anasema nusura ainuke. Nyanchama akasema, "Nilipiga. Muulizeni aliyekuwa akishusha simiti nje."

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Polisi hawakuuliza, sisi hatukuuliza, kwa sababu tulikuwa tumejikataza hata kulikaribia swali hilo. Kiongozi wa mashtaka akaomba muda. Mpakuzi wa simiti akatafutwa akapatikana, anafanya kazi kwingine sasa, na akaja kwa hiari yake. Alisema alisikia. Alisema alidhani ni mambo ya nyumbani. Alisema amekuwa akisikia tangu siku ile, hata mahali pasipo na mtu, na akaomba maji ya kunywa.

Yule mtu amepatikana na hatia na amefungwa. Hukumu iliposomwa nilimtazama Nyanchama, nikitaraji sijui nini. Alisema ana njaa. Tukaenda tukala chapati na maharagwe, akala zangu pia. Amerudi kwa mama yake mzazi. Mumewe alikuja mara moja kumtaka arudi, akasimama nje ya ua, mama mtu akamwambia binti yake ndiye anayeamua nani aingie. Hakuingia.

Hayo ndiyo ya huko. Ya hapa ni kwamba kikundi kile kilihitimu, wachache kuliko tulivyotarajia. Mwezi ujao tunaanza kingine, na safari hii Teresia anafundisha pamoja nami. Ameongeza kitu ambacho wewe na mimi hatukuwa nacho: kumuuliza mtu, kwa upole, nani mwingine alikuwa karibu. Ungebishana naye siku nzima, kisha ungekubali. Kuna mambo mengine yananishinda. Bado hospitali moja hutuacha kwenye benchi hadi alasiri. Bado wazee wanakaa vikao vya kupatanisha kisichopatanishwa. Bado narudi nyumbani siku nyingine nikiwa sina mwili, nimekaa tu jikoni, mume wangu akinimiminia chai bila kuniuliza.

Kemunto hajambo. Anasema mbwa wenu bado huinuka ukungu unapopanda kutoka mtoni. Hubweka mara moja, mara mbili, kuelekea njia ya nyuma. Kisha hunyamaza na kutikisa mkia.

Nyanchama ameniomba nimlete kwako. Anataka kuliona kaburi kwa macho yake. Nilimweleza njia ni ya utelezi msimu huu, akasema haidhuru. Tutakuja Jumapili, yeye na mimi. Sijui atakwambia nini pale, na sitasikiliza. Nitasimama kando, kwenye migomba, mpaka amalize.

Nami nilikuwa na langu la kukwambia, nililiwaza njia nzima nikipanda ngazi. Kama ni kweli bado unatembea huko juu na miguu ile, inatosha. Si kwamba hatukuhitaji. Nakuhitaji hata sasa, nikiinua kichwa natazama ule mlango. Lakini yule uliyemwendea ameteremka mlima kwa miguu yake. Na wengine watakaobaki juu, nakuahidi mbele ya Mungu wako na wangu, hatutawangoja washuke. Tutapanda. Iwe mvua, iwe ukungu, iwe mzee gani amesimama njiani na fimbo gani. Tutapanda.

Kwa hiyo lala, Mama Kemunto. Njia za huko tumezijua sasa.

Wako,
Rehema